Faili Lililopewa Mapumziko

Faili namba arobaini na moja lilianza kukohoa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili na robo asubuhi, wakati mtunza masjala akitafuta kikombe chake cha chai. Lilikohoa mara tatu, kikohozi kikavu, likatulia, kisha likamalizia na kimoja kidogo, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe watu. Mtunza masjala akasema, "Pole," akaendelea kutafuta. Kikombe alikikuta nyuma ya mihuri, na ndani yake mtu alikuwa ametia pini za karatasi.

Ofisini walimwita Kabati. Sababu moja ni mabega yake, na nyingine ni kwamba kilichoingia kwake hakikutoka bila sahihi. Shule aliiacha darasa la sita, lakini kwa miaka kumi na tisa ya masjala alikuwa amesoma maombi ya utafiti mengi kuliko mjumbe yeyote wa kamati. Wajumbe walisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, wakatia sahihi. Kabati alisoma yote, kwa kuwa masjala ni chumba ambacho watu hawaingii mpaka wapoteze kitu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Mfuko wa kuwafadhili watafiti chipukizi wa afya ya jamii. Kazi yake, kama ilivyoandikwa ukutani kwa herufi za shaba ambazo mbili zilikuwa zimeshadondoka, ilikuwa kumshika mkono kijana aliyetoka chuo kikuu na kumwezesha kwa miaka miwili achunguze kinachoumiza watu. Chipukizi ni mtu ambaye hajatimiza miaka mitano tangu apate shahada. Katika miaka hiyo ilihesabiwa pia ile aliyoipoteza akisubiri majibu ya Mfuko wenyewe. Hilo halikuandikwa ukutani.

Mwenye faili arobaini na moja alikuwa mtafiti wa kike, mwembamba, ambaye katibu muhtasi, mwanamke mwenye ulimi, alimbatiza jina la Daktari Kokoto siku ile ya kwanza alipofika na viatu vyeupe kwa vumbi. Alitaka kutafiti mapafu ya wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya ng'ambo ya reli. Wanawake hao walikuwa wameiomba halmashauri iwavutie bomba la maji, ili mawe yaloweshwe kabla ya kupondwa na vumbi lilale chini. Halmashauri ikajibu kwa barua ya mistari miwili: leteni utafiti, bomba litafuata. Basi bomba likawa linasubiri utafiti, utafiti unasubiri Mfuko, na Mfuko una mambo yake.

Mwaka wa kwanza Mfuko ulimwambia hana takwimu za awali. Akaazima kifaa cha kupulizia, akaenda machimboni, akawapima pumzi wanawake ishirini na sita. Mwaka wa pili ukamwambia ishirini na sita ni wachache. Isitoshe, kama takwimu anazo tayari, ufadhili anautakia nini? Mwaka wa tatu alikataliwa kwa sababu ya wino wa bluu. Mwaka wa nne kikao kiliahirishwa kwa kukosa mjumbe mmoja, naye alikuwa nje ya mlango akiongea na simu. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Tarehe thelathini ya mwezi ule Daktari Kokoto angetimiza miaka mitano tangu shahada, na asingekuwa chipukizi tena. Kamati ingekaa tarehe kumi na sita. Nafasi ilikuwa hiyo moja.

Kabati aliyajua hayo yote, na alijua la ziada. Katika orodha ya wale ishirini na sita, Mshiriki wa Kumi na Moja alikuwa mkewe. Ndiyo maana kile kikohozi hakikuwa kigeni kwake. Alikuwa na mwaka wa sita akikisikia upande wa pili wa kitanda.

Kufikia Jumatano kikohozi kilikuwa kinasikika mpaka mapokezi.

"Kabati!" katibu muhtasi aliita kupitia kidirisha cha mapokezi. "Nani huyo anakohoa huko kwako? Umeficha mke mdogo kwenye droo?"

"Ni arobaini na moja."

"La Kokoto?"

"Hilo hilo."

"Makubwa. Mwenyewe haishi kubisha hodi, na faili lake nalo limeanza. Lifunike na kitu bwana, nina simu hapa."

Kabati alilifunika kwa koti lake. Haikusaidia. Kila likikohoa lilitoa vumbi la kijivu, laini kama poda, na vumbi lile lilitua juu ya faili namba arobaini, lililohusu minyoo ya watoto wa shule. Alipangusa, likarudi.

Mratibu wa Mfuko aliteremka mwenyewe saa tano. Alikuwa mama nadhifu mwenye miwani ya kamba, ambaye hajawahi kupandisha sauti wala kufanya jambo kabla ya kulitafutia kifungu. Alisimama mbele ya droo, akasikiliza kikohozi hadi mwisho.

"Limeanza lini?"

"Juzi, Mama."

"Mmeandika?"

"Hapana."

"Basi limeanza leo," alisema Mratibu. "Liandike. Halafu gari litoke, lipelekwe zahanati. Faili hili lina namba ya mali ya ofisi. Tukiliacha hivi hivi, kesho mkaguzi atauliza."

Hivyo Kabati akapanda gari la ofisi, faili mapajani, dirisha wazi. Zahanati ilikuwa ile ile aliyompeleka mkewe mwaka juzi. Siku ile walikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi mchana ulipokwisha, wakaondoka na chupa ya dawa ya maji na ushauri wa kukaa mbali na vumbi. Safari hii walikuwa na barua yenye mhuri, kwa hiyo walipitishwa mlango wa pembeni.

Tabibu aliweka kipimo chake juu ya jalada.

"Vuta pumzi," aliliambia faili. Kurasa zikafura. "Toa." Zikatulia, huku kitu kikikwaruza ndani. Akalipeleka kwenye chumba cha eksirei, likarudi na picha. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mapafu mawili yalionekana wazi, na ndani yake madoadoa meupe, mengi, kama mtu amerusha chumvi.

"Linafanya kazi gani hili?"

"Linakaa droo ya tatu," alisema Kabati. "Ila linahusu wapondaji wa kokoto."

"Nilijua tu. Ni vumbi la mawe. Hao mama nimewaona hapa mpaka nimechoka."

"Na picha zao ziko wapi?"

Tabibu alikuwa ameshaanza kuandika. "Picha ni kwa mtu mwenye mwajiri, mzee wangu. Kuna fomu ya ugonjwa wa kazini, na hiyo fomu inaanza na jina la mwajiri. Ukishindwa hapo huendi kokote. Wale wanawake kila mmoja kakaa juu ya jiwe lake, nitaandika mwajiri ni nani? Jiwe? Hili faili lako lina ofisi, lina namba, lina mhuri. Hili natibu." Akachana karatasi. "Mapumziko, siku thelathini."

Kabati alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Wakati huo hakuona ubaya wake. Alifikiri mapumziko ni mapumziko.

Ubaya aliuona Alhamisi, Mratibu alipomrudishia ratiba ya kikao. Faili arobaini na moja lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu, ulionyooka kwa rula.

"Mama, hili lina kikao tarehe kumi na sita."

"Liko mapumziko ya ugonjwa. Mgonjwa haitwi kikaoni."

"Si litajadiliwa tu, Mama. Halitafanya kazi yoyote."

"Kulijadili ni kulifanyisha kazi. Tena ndani ya kamati kuna wajumbe wawili wana pumu. Wakianza kukohoa, nani atajibu?"

"Nitoe kopi basi. Kopi ndiyo iende."

Mratibu alifikiri. Kifungu cha kukataza kopi hakikumjia haraka, akaruhusu wajaribu. Kabati alisimama kwenye mashine ya kopi tangu saa nne hadi saa sita, akageuza kurasa sitini na mbili. Kopi ilitoka vizuri, maandishi meusi kabisa, akaibana kona. Ilipofika mezani kwa Mratibu ikakohoa. Kikohozi chake kilikuwa hafifu kuliko cha faili lenyewe, na kidogo kimepinda upande mmoja, lakini kilikuwa kikohozi.

"Unaona?" alisema Mratibu.

Ijumaa Daktari Kokoto alikuja kuulizia, kama alivyokuja kila Ijumaa.

"Shikamoo, mzee Kabati."

"Marahaba, mwanangu. Faili lako linaumwa."

"Linaumwa nini?"

"Mapafu. Vumbi la mawe."

Daktari Kokoto alilitua begi lake juu ya kaunta. Ndani kilionekana kile kifaa cha kupulizia, ambacho mwenye mali alikuwa ameacha kukidai. "Wamelipiga picha?"

"Wamelipiga."

"Miaka mitano naomba picha ishirini na sita," alisema. "Mitano. Nikaambiwa eksirei ni gharama isiyo ya lazima." Hakupandisha sauti. Aliuliza tu mapumziko yanaisha lini, Kabati akamwambia, naye akahesabu kwa vidole juu ya kaunta ingawa hesabu ilikuwa rahisi. "Yaani litarudi kazini mimi nimeshatoka."

"Likipona mapema, je?"

"Likipona mapema na mkubwa wako akakubali. Wewe unaweza kuliponya?"

"Ukurasa wa kumi na nne umeeleza," alisema Kabati.

Hakuna mjumbe aliyewahi kumtajia Daktari Kokoto ukurasa wa kumi na nne. Ndipo Kabati akamwambia Mshiriki wa Kumi na Moja ni nani. "Usinichongee," akaongeza. "Mwenye jamaa ndani ya faili haruhusiwi kulishika."

"Yule mama anayenitania kwamba nitafute mume kwanza, mapafu baadaye?"

"Ndiye huyo."

Ukurasa wa kumi na nne ulisema mambo machache, ambayo hata mtoto angeyafuata. Kiloweshwe kile kinachotoa vumbi. Anayepumua akae upepo ukiwa mgongoni kwake. Afunike pua kwa kitambaa cha matabaka mawili, kibadilishwe kila siku. Apumzike kila baada ya saa mbili, na apimwe pumzi. Kabati alilihamisha faili kutoka droo ya tatu hadi meza ya karibu na dirisha, akaliegemeza mgongo ukielekea nje. Alitandika chini yake taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, si la kulowanisha karatasi, la kukamata vumbi tu. Alilivika kitambaa cha pamba, cha leo akakifua kwa ajili ya keshokutwa. Kila saa mbili alilifungua, akaliacha kurasa wazi kwa dakika kumi, na katika dakika hizo hakuruhusu mtu apige muhuri karibu.

Mratibu alipoona akaagiza feni, ikaletwa siku ile ile. Alipoambiwa dirisha limekwama, fundi akaja kabla ya chakula cha mchana. Kabati alikuwa ameomba dirisha lile lifunguliwe tangu mwaka wake wa pili kazini.

"Hongera, nesi," katibu muhtasi alimwambia akipita. "Na mimi nikiumwa unitandikie taulo."

"Wewe ulimi ndio unaokuumiza. Hauna dawa."

Siku ya tatu kikohozi kilipungua. Ya tano kikawa cha asubuhi tu. Siku ya sita, Jumatano, tarehe kumi na moja hiyo, faili lilishinda kutwa nzima halijakohoa hata mara moja, na Kabati alipopitisha kidole juu ya meza kilitoka safi. Alirudi nyumbani akiwa na haraka. Alikaa sebuleni akimsikiliza mkewe akiosha vyombo uani. Alisikiliza vizuri, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimoja na alidhani pengine kinatibiwa kwa pamoja. Mkewe alikohoa kama siku zote. Sufuria ikamponyoka, akaiokota.

"Mbona unanisikiliza kama redio?" aliuliza mkewe.

"Hapana. Nakusikia tu."

"Kunisikia si kazi. Njoo ushike hili beseni."

Walipomwaga maji alimweleza lililotokea. Yeye hakushangaa faili kuumwa. Alichotaka kujua ni kuhusu mawe. "Na sisi tukiloweka si tutapona? Yule binti alishatuambia. Tatizo maji ni kisimani kule, ndoo moja nusu saa. Nikiloweka siku nzima nitaponda lini?"

"Bomba likija."

"Likija," alisema mkewe.

Tarehe kumi na mbili Kabati alipanda ngazi hadi ofisi ya Mratibu akiwa amelibeba faili mikononi. Alilifungua mbele yake, akalifunga, akalitikisa. Halikutoa chembe.

"Limepona, Mama."

"Nafurahi sana," alisema Mratibu, na alifurahi kweli, alilipapasa jalada. "Limenawiri."

"Basi lirudi kwenye ratiba. Kikao bado siku nne."

Mratibu alivua miwani. "Kabati, cheti kinasema siku thelathini. Mapumziko ya ugonjwa hayakatishwi. Hicho ni kifungu cha kumlinda mgonjwa. Tukianza kuwarudisha wagonjwa kazini kwa kuwa sura zao zinapendeza, sisi ni ofisi ya afya kweli?"

"Tabibu akiandika kingine?"

"Aandike. Cheti cha pili kinaanza kuhesabiwa baada ya cha kwanza kwisha."

"Na mwenye faili? Tarehe thelathini anatoka kwenye uchipukizi."

"Hilo linanisikitisha," alisema Mratibu, na hilo nalo lilikuwa kweli. "Lakini yeye si mgonjwa. Sina kifungu chake."

Kabati akalipeleka faili dirishani kwake. Alirudi zahanati kwa miguu siku ile ile kumwomba tabibu achane cheti. Tabibu alisema nakala imeshakwenda wizarani, na iliyokwenda wizarani haimrudii mtu.

Tarehe kumi na sita kamati ilikaa, ikanywa chai, ikapitisha maombi tisa. Faili arobaini na moja lilishinda dirishani, jua la jioni likalipiga mgongoni. Tarehe thelathini ilifika siku yake, kama zinavyofika tarehe. Daktari Kokoto hakuja Ijumaa ya wiki hiyo.

Kikao maalumu kilifanyika mapumziko yalipokwisha. Kabati aliliingiza faili mwenyewe, kwa kuwa alikuwa muuguzi wake na kamati ilitaka kumsikiliza. Wajumbe walilipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti alilisogeza sikioni. Walisema hawajawahi kuona faili lenye afya namna ile, na wakamuuliza Kabati alitumia mbinu gani. Aliwasomea ukurasa wa kumi na nne, wote, polepole, akiwa amesimama. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa kuvutiwa, akaandika.

"Kwa hiyo mbinu inafanya kazi," alisema Mwenyekiti.

"Inafanya, Mheshimiwa. Na wanawake wa machimboni..."

"Tunakwenda huko." Mwenyekiti alifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma tarehe ya shahada, akatazama kalenda, akasikitika kwa sauti. Mwombaji si chipukizi tena. Ashauriwe aombe ufadhili wa watafiti wakomavu. Kabati, ambaye alizijua fomu za wakomavu kama anavyozijua za chipukizi, alisema kwamba sharti la kwanza la wakomavu ni kuwa uliwahi kufadhiliwa ukiwa chipukizi. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo la kuangaliwa siku zijazo.

Hata hivyo kikao hakikuisha bure. Waraka ulitolewa wiki ile ile: kila masjala ya Mfuko, makao makuu na kanda zote, iwe na taulo lenye unyevu, feni na dirisha linalofunguka, na mafaili yapumzishwe kila baada ya saa mbili. Bomba la maji lilivutwa hadi ndani ya masjala ili mataulo yasichelewe kuloweshwa. Mafundi walilimaliza kwa siku moja na nusu. Faili arobaini na moja liligongwa muhuri wa LIMEFUNGWA, likapewa rafu ya juu, yenye hewa.

Jumamosi Kabati alivuka reli kwenda machimboni. Alimkuta Daktari Kokoto akiwa ameinama mbele ya mama mmoja, amemshikia kifaa cha kupulizia. "Puliza, puliza, puliza, malizia," alikuwa anasema. Akasoma namba, akaiandika kwenye daftari la shule.

"Unamwandikia nani sasa?" aliuliza Kabati.

"Sijui, mzee. Lakini leo ndiyo zamu yao ya miezi mitatu." Akahamia kwa mama aliyefuata.

Mkewe alikuwa upande wa pili wa rundo, uso mweupe kama aliyepakwa chokaa, mtandio umefunga pua. Kabati alikaa karibu naye. Mkewe hakusimamisha nyundo.

"Wamesemaje?"

"Faili limepona."

"Kabisa?"

"Kabisa. Wameliweka rafu ya juu."

"Afadhali," alisema mkewe. Alikohoa, akatema pembeni, akajifuta kwa mkono. "Sasa inuka hapo, umekalia mawe yangu. Lori linakuja saa sita na rundo halijafika kiunoni."

Kabati aliinuka. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Alitazama rundo, akatazama barabara, akavua shati la ofisini na kulitundika kwenye mpini wa beleshi. Kisha akachukua nyundo ndogo, akachagua jiwe, akaliweka juu ya lile kubwa na kupiga. Vumbi likapanda. Hakuna aliyelitazama.